Mashahidi Watatu wa Kob

Ukuta wa sebule ya Mama Thongbai, hapa kwetu Roi Et, ulikuwa na picha tatu na msumari mmoja. Picha ni za watoto wake watatu wa kwanza wakiwa ndani ya majoho ya chuo kikuu, kila mmoja ameshika shahada yake ya uzamili kama mtu aliyekabidhiwa samaki na hajui kama amekufa kweli. Msumari ulikuwa wa mtoto wa nne. Uligongwa siku ile ile ya picha ya tatu, kwa sababu nyundo ilikuwa tayari mkononi, na tangu hapo ukawa unabeba kalenda ya duka la mbolea. Kila mwaka kalenda mpya, kila mwaka Mama Thongbai akiitundika huku akisema kwa sauti ya kusikika jikoni: "Hii ni ya kushikilia nafasi tu."

Mtoto wa nne ni binti, Kob, maana yake chura. Jina lake la kwenye karatasi ni Phikun, lakini hilo hutumiwa na benki na polisi. Mimi nimeketi naye meza kwa meza katika ofisi ya kata kwa muda mrefu kiasi cha kujua anavyopiga chafya, na jina la Phikun nililisikia kwa mara ya kwanza alipokuwa anaomba ruhusa ya kusoma shahada ya uzamili siku za Jumamosi.

"Phikun ndiye nani?" mkuu wa ofisi aliuliza, barua mkononi.

"Mimi, bosi."

"Kumbe!" akasema, akamtazama kama mfanyakazi mpya, akatia sahihi.

Shahada hiyo ilimchukua Kob muda mrefu kuliko ilivyomchukua mwenzetu mmoja kuoa, kuachana na kuoa tena. Kila mwaka palikuwa na mafuriko, au uchaguzi, au mafuriko wakati wa uchaguzi. Mwishowe chuo kikamwandikia kwa upole unaotisha: amebakiwa na muhula mmoja. Asipotetea tasnifu yake na kufaulu kabla muhula haujafungwa, jina lake linafutwa. Phikun atafutwa, Kob atabaki, na kalenda itakaa pale ukutani hadi mwisho wa dunia.

Tasnifu yenyewe ilihusu nyongeza. Ukienda sokoni kununua samaki wa kuvundika, muuzaji hupima, hufunga mfuko kwa mpira, kisha huufungua tena na kuongeza upawa mmoja juu. Kob alitaka kujua kwa nini. Mama yake, aliyeuza samaki hao hadi magoti yakakataa, alipoulizwa alijibu, "Kwa sababu mfuko ulikuwa na nafasi." Jibu hilo chuo hakikulipokea, kwa kuwa halikuwa na mwaka wa kuchapishwa.

Alitumwa akatafute wasomi. Msimamizi wake, Mwalimu Thawat, ni mtu mpole sana anayesoma ikisiri ya kila kitu na kisichokuwa ikisiri hakisomi. Alimwambia, "Kob, umemnukuu mtafiti mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Huo ni umbea. Niletee watatu, kila mmoja kivyake, wasiojuana. Wakikubaliana watu watatu wasiojuana, hata mtahini wa nje hana la kusema."

Basi Jumamosi zote Kob alizimalizia maktabani. Maktaba zetu hupanga waandishi kwa jina la mtu mwenyewe wala si la ukoo, kwa hiyo alitembea sana. Bunlai Thongsut alikuwa kwenye rafu ya karibu na mlango: kitabu chembamba cha siku nyingi, kilichoandikwa na mtu aliyekaa sokoni mpaka akanukia. Rinrada Wongkham alikuwa nyuma ya nguzo, katika jarida lenye vumbi. Phitchaya Sirimongkhon, wa karibuni zaidi, alipatikana mtandaoni, tena kwa kurasa nyingi. Jumatatu Kob aliingia ofisini anang'aa kama sufuria jipya.

"Kaka! Nimewapata!"

"Umewapata kina nani?"

"Watu wangu watatu! Hawajuani hata kidogo, halafu wote wanasema nyongeza haitolewi bure. Bunlai anasema muuzaji anafunga urafiki. Rinrada anasema ni hesabu tu, upawa uko ndani ya bei tangu mwanzo. Phitchaya anasema analipia maongezi. Lakini bure? Hakuna!"

"Umejuaje kwamba hawajuani?"

"Rinrada anamponda Bunlai kurasa tano nzima. Mtu unayemjua unaweza kumponda hivyo?"

Nilimtazama mkuu wetu kupitia kioo cha ofisi yake, nikanywa chai yangu.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya furaha isiyo na mpango. Kob aligundua kwamba anapenda kuandika marejeo kuliko kuandika tasnifu. Alikuwa akijibu simu za wananchi wanaolalamikia mitaro huku akiweka nukta baada ya mwaka, mkato baada ya jina la jarida, na akipatia alipiga meza kofi. Aliandika sentensi moja ambayo alitusomea ofisi nzima, amesimama: "Watafiti watatu, kwa nyakati tofauti na kwa njia tofauti, wamefikia hitimisho moja bila kushawishiana." Tulipiga makofi. Kisha akatusomea nyingine, ambayo alisema ndiyo mchango wake mwenyewe kwa elimu ya dunia: "Inaonekana Rinrada hakumwelewa Bunlai."

"Hiyo si kali mno?" mhasibu akauliza.

"Kali ndiyo utamu wake, dada. Huko chuoni ndiyo kawaida."

Kisha likaja jina la mtahini wa nje: Profesa Chayanit, kutoka chuo cha mkoa mwingine. Tulimtafuta kwenye mtandao, watu wanne kwenye kompyuta moja. Hakuna kitabu, hakuna makala, hakuna hata hotuba ya kufungua semina.

"Hajaandika chochote kabisa?" mkuu wa ofisi aliuliza, ameinama juu ya mabega yetu. "Basi huyo atakuwa mkubwa sana."

Kob alimpigia simu Mwalimu Thawat. "Chayanit?" akasema Mwalimu. "Aa, huyo ni Mwalimu Tum! Tunafahamiana siku nyingi. Tukikutana mikutanoni haachii kipaza sauti cha karaoke. Mambo ya masoko anayajua sana."

"Ameandika nini, Mwalimu?"

"Mbona unaniuliza mambo ya ajabu? Mimi namjua kama Tum. Jina la karatasini nitamwuliza la nini?"

Tum ni mtungi wa maji. Chura alikuwa anakwenda kuhojiwa na mtungi, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu yoyote.

Siku ya utetezi nilienda kubeba vitafunio. Kwetu anayehojiwa ndiye anayelisha wanaomhoji, na wapo waliofaulu kwa keki. Kob alikuwa ameandaa wali wa kunata wenye nazi uliofungwa kwenye majani, embe, kahawa ya barafu, na mtungi mdogo wa samaki wa kuvundika kwa kila mmoja wa watahini watatu, Mwalimu Thawat akiwamo, zawadi kutoka kwa Mama Thongbai, umezibwa kwa nailoni mara nyingi mno lakini si mara za kutosha. Chumba kilikuwa na kiyoyozi na hakikuwa na dirisha. Kufikia sura ya pili sote tulikuwa tunanukia mada ya tasnifu.

Profesa Chayanit alikuwa mama mfupi wa umri wa kustaafu, mviringo, miwani kwenye ncha ya pua, na uso ambao haukusema lolote. Alimwacha Kob amalize. Alifungua jani moja la wali, akala, akafungua la pili, ndipo akafunua ukurasa uliokuwa na karatasi ya njano.

"Mwanangu, hapa umeandika kwamba Rinrada hakumwelewa Bunlai."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Una uhakika?"

Mtu mwingine angenywea. Kob alikuwa na muhula mmoja maishani mwake na alikuwa ameshakunywa kahawa tatu. "Nina uhakika, Mwalimu. Bunlai alikaa sokoni. Unaona kabisa alikaa, anajua hata nani alikuwa hapatani na nani. Rinrada, kwa heshima zote, nadhani alikaa nyumbani. Aliandika harakaharaka. Anahesabu pawa kama vile muuzaji hana mdomo."

"Alikuwa na mtoto mchanga mwaka ule," Profesa akasema.

"Mwalimu anamfahamu?"

"Kiasi. Na Phitchaya je?"

"Phitchaya nampenda!" Kob akasema, amefurahi kupata njia ya kutokea. "Phitchaya ameelewa mambo. Ila ana maneno mengi, Mwalimu. Jambo la ukurasa mmoja analisema kwa kurasa kumi. Nadhani alikuwa mpweke."

"Alikuwa ameachika," Profesa akasema. Akafungua jani la tatu. "Na hawa watatu unasema hawakushawishiana?"

"Kabisa! Hawajuani. Rinrada hata anasema 'Bunlai amekosea', wazi kabisa, hana aibu."

"Angesemaje? Majarida yetu yanakataza kuandika 'mimi'."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya embe, na nilimwona Mwalimu Thawat akianza kugeuka rangi kuanzia shingoni.

"Mwanangu," Profesa akasema kwa sauti ya mtu anayeomba sukari, "Bunlai ni mimi. Ndilo jina alilonipa babu. Nilipoolewa, mama mkwe akasema Bunlai halina bahati ya watoto, nikawa Rinrada. Nilipoachwa, mtawa mmoja akasema Rinrada ndilo lililomfukuza mume, nikawa Phitchaya, na ukoo nikabadili kabisa ili asinipate. Tangu mwezi wa nne mgongo unanisumbua, kwa hiyo sasa ni Chayanit."

"Na mgongo?" mtahini wa tatu akauliza, bila kukusudia.

"Unaendelea vizuri."

Sijui nani alianza. Nadhani ni Kob mwenyewe: mlio mdogo, kama mpira wa mfuko unaofunguka. Kisha mtahini wa tatu akaficha uso ndani ya tasnifu, na tasnifu ikawa inatikisika. Mwalimu Thawat alijaribu kusema "Tuwe na utulivu," akafika "Tuwe", akashindwa. Embe zangu zikaanza kuteleza kwenye sinia. Kob alicheka machozi yakamtoka, viganja kavikutanisha mbele ya uso kuomba radhi kwa Bunlai, kwa Rinrada na kwa Phitchaya, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa miaka ya kuchapishwa. Profesa peke yake hakucheka. Alikuwa anatafuna.

Kicheko kilipoisha, kikaacha kitu kisichochekesha. Mwalimu Thawat alipangusa miwani na kusema polepole, "Basi ana chanzo kimoja."

Hilo kila mtu alilielewa. Sura ya pili yote ilisimama juu ya watu watatu, na watatu hao walikuwa wameketi kwenye kiti kimoja wanakula wali. Muhula ulikuwa unafungwa. Kob alitazama chini, na najua alichokiona huko: kalenda ya duka la mbolea.

"Si kimoja," Profesa akasema. "Ni kimoja chenye ugomvi ndani yake. Hicho ni bora kidogo, lakini hakitoshi. Mimi siwezi kumpitisha mtu kwa kuwa amenisoma, ningekuwa mpuuzi. Ila nitasema hivi. Rinrada alikosea, nimelijua hilo tangu mtoto alipoanza kulala usiku, na nimesubiri miaka yote hii mtu aliandike. Huyu ndiye wa kwanza. Sura zake za sokoni ni nzuri. Akatafute watu wawili wengine, walio hai, ambao si mimi. Aandike upya sura ya pili. Akileta kabla muhula haujafungwa, natia sahihi."

"Sahihi ya jina gani?" mtahini wa tatu akauliza, na chumba kikaharibika upya.

Majuma yaliyofuata ofisi ya kata haikumhudumia mwananchi yeyote ipasavyo. Mtu aliyekwisha kuumwa hivyo haamini tena. Kila jina Kob alilolipata maktabani alilitilia shaka, na sisi pamoja naye. Mhasibu aligundua waandishi wawili wa mambo ya masoko wenye nambari moja ya simu. Ikawa ni mke na mume, tukasikitika. Kob alikuwa anapiga simu vyuoni kwa sauti ya adabu iliyokusudiwa kuficha swali.

"Shikamoo Profesa. Samahani sana kukusumbua. Kabla hujawa wewe, ulikuwa nani?"

Mmoja alikata simu. Mwingine alitaja majina manne na kumwuliza kama anahitaji na ya mama yake. Wa tatu alikuwa Mwalimu Adun wa Ubon, mzee mkavu aliyeandika juu ya wauza mboga, na huyo alijibu, "Mimi ni Adun tangu kuzaliwa."

"Hujawahi kubadili hata kidogo?"

"Nilitaka. Foleni ilikuwa ndefu."

Wa nne alipatikana ng'ambo ya mto, Laos: Mwalimu Bounthavy, mwenye makala kuhusu wapima mchele. "Sisi huku hatubadilibadili, dada," akasema akicheka. "Hivyo ndivyo mlivyo ninyi mkiumwa na kichwa."

Lakini Kob hakuridhika. Aliwaomba wote wawili, pamoja na Profesa Tum, waonekane kwenye skrini kwa wakati mmoja, nyuso wazi, apate kuona kwa macho yake kwamba ni watu tofauti. Wasomi watatu wa heshima walikubali, jambo linaloonyesha ama ukubwa wa elimu ama uchache wa kazi. Tulikusanyika nyuma ya Kob tukahesabu vichwa. Vilikuwa vitatu. Mkuu wa ofisi akaomba wainue mikono, mmoja baada ya mwingine. Wakainua.

"Basi tumekwisha thibitika?" Mwalimu Adun akauliza. "Maana nina neno. Hiyo nyongeza yenu mnayosema haitolewi bure, mimi sikubali. Wauza mboga wangu wanatoa kwa sababu jua linapanda na mboga inanyauka. Ni bure tupu."

"Mboga!" Profesa Tum akafoka, na kwa mara ya kwanza uso wake ukasema kitu. "Samaki wa kuvundika ananyauka lini? Ana miaka miwili mtungini!"

"Ndiyo maana nasema wewe na samaki wako..."

"Ninyi wote wawili hamjapima mchele," Bounthavy akaingilia.

Waligombana mpaka chai ya saa kumi ikapoa, kwa heshima zote, kila mmoja akiitwa Mwalimu kabla ya kutukanwa. Kob aliandika bila kuinua kichwa, anachekelea peke yake kama mtu aliyeokota pesa. Alikuwa ametafuta watu watatu wa kukubaliana naye. Sasa alikuwa na watatu wasiokubaliana na yeyote, na sura ya pili ikajiandika yenyewe. Sentensi ya watafiti wasioshawishiana aliifuta. Ile ya Rinrada aliiacha, akaongeza tanbihi chini: "Mwandishi mwenyewe amekubali."

Shida iliyobaki ilikuwa nyumbani. Mama Thongbai alikuwa amesikia kwamba utetezi ulikwama, na hakungoja sababu. Alikwenda hekaluni akamwomba mtawa jina jipya kwa ajili ya binti yake, lenye herufi zote za bahati, akarudi nalo limeandikwa kwenye karatasi nyekundu: Phatcharaphon.

"Kabadili kesho," akasema. "Phikun limekuchelewesha."

"Mama, tasnifu imeandikwa Phikun. Cheti kitaandikwa Phikun. Nikibadili sasa, atakayehitimu ni mtu mwingine."

"Si bora? Awe mwingine mwenye bahati."

"Mama, mimi nimetoka kumtafuta mwanamke mmoja kwenye rafu tatu. Mtu akinitafuta mimi, anikute mahali pamoja."

"Nani atakutafuta wewe?"

Kob akaikunja karatasi nyekundu, akairudisha mkononi mwa mama yake.

Profesa alitia sahihi juma la mwisho la muhula, kwa jina la Chayanit, na kando yake kwa penseli akaandika Bunlai, ndogo. Kob alivaa joho, akapigwa picha ameshika cheti kwa uso ule ule wa familia wa kumshuku samaki, na Jumapili moja tulikwenda kuitundika. Mama Thongbai aliivua kalenda kwa mikono yake. Nyuma yake ukuta ulikuwa na mraba mweupe, safi kuliko nyumba nzima, na picha ilipokaa hapo haikuuziba wote.

Tulirudi nyuma kutazama. Chini ya kila picha pana kibandiko cha jina. Kaka mkubwa si yule tena. Alibadili baada ya ajali ya pikipiki. Dada wa pili alibadili alipofungua saluni, wa tatu bila sababu maalumu. Katika ukuta ule ni picha moja tu ambayo jina lake bado lina mwenyewe, na huyo hakuna anayemwita kwalo.

"Chura," kaka mkubwa akamwambia, "umependeza."

Kob akamkabidhi mama yake nakala ya tasnifu, jalada jeusi, herufi za dhahabu. Mama Thongbai alivaa miwani, akaruka sura zote, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa shukrani. Akasoma kidole kikifuata. Kisha akainua macho, ameumia.

"Mimi simo."

"Umo, Mama. Wa kwanza kabisa. Hapo: 'Mama yangu Thongbai, aliyenifundisha upawa.'"

"Thongbai ndiye nani?"

Tukamtazama. Mama Thongbai akanyoosha blauzi yake, akainua kidevu kama mtu aliyevaa joho.

"Jina la mtawa lisingeweza kutupwa," akasema. "Hukulitaka, nikalichukua mimi. Tangu Ijumaa naitwa Phatcharaphon. Magoti yameanza kupata nafuu."

Kob alianza kucheka, ule mlio mdogo, akauliza nani ana kalamu, akapiga magoti sakafuni chini ya msumari wake, akafungua ukurasa wa shukrani na kuanza kuandika tanbihi.